Kulipa madeni ya nyumbani na Krismasi ifanyike: mpango wa kuanzia Septemba

Familia nyingi zenye madeni huingia Desemba zikiwa zimeapa: mwaka huu hakuna sikukuu, tunalipa kwanza. Ikifika tarehe 20 watoto wanaulizia nguo, mama mkwe ameshapiga simu mara mbili, wageni wametoa taarifa kwamba wanakuja, na kiapo kimekwisha. Hela inayotumika siku hizo haikuwa kwenye hesabu yoyote, kwa hiyo inakopwa, tena inakopwa pale inapotoka haraka, na panapotoka haraka ndipo penye riba kali kuliko kote. Deni la Krismasi ya namna hiyo hulipwa mpaka Pasaka.

Ndiyo maana mpango huu unaiandika Krismasi ndani ya daftari la madeni tangu mwanzo, kama mdai mmojawapo mwenye fungu lake kila mwisho wa mwezi. Fungu ni dogo, lakini lipo. Hesabu zilizo hapa ni za familia ya mfano ya Dar es Salaam: baba na mama, watoto watatu, mkubwa amemaliza darasa la saba. Mshahara wa baba unaoingia benki baada ya makato ni shilingi 620,000, na genge la mama linabakiza faida ya kama 12,000 kwa siku, siku 25 za mwezi, sawa na 300,000. Weka namba zako mahali pa hizo, njia ni ileile.

Andikeni yote, hata yale ya aibu

Kaeni wawili, siku ambayo hakuna anayekimbilia kazini, na daftari moja. Kila deni liandikiwe mambo sita: nani anadai, salio la leo, rejesho ni kiasi gani, linalipwa siku gani, mkichelewa kinatokea nini, na mkilipa mapema mnapunguziwa au hampunguziwi. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau, na ndilo linalobadilisha mpangilio wote, kama itakavyoonekana.

Salio lisitoke kichwani. Deni la simu linaangaliwa kwenye menyu ya simu. La kikoba liko kwenye kitabu cha mwanachama. La benki liombewe taarifa tawini. La dukani kwa Mangi likaguliwe pamoja naye mstari kwa mstari, kwa sababu sukari ya nusu kilo iliyochukuliwa na mtoto jioni huwa inaandikwa mara mbili au haiandikwi kabisa. Mikopo mliyowadhamini wengine iandikwe ukurasa wa nyuma. Si deni lenu leo, lakini mwenzenu akikwama mtaitwa nyinyi.

Mara nyingi siku hiyo huibuka deni ambalo mmoja hakulijua. Kubalianeni kabla ya kuanza kwamba leo hakuna kuulizana "ulikopa ya nini". Deni likifichwa kwa kuogopa ugomvi, mpango wote utavunjika Oktoba, siku mdai atakapobisha hodi.

Familia yetu ya mfano imepata haya:

- Mkopo wa "kausha damu", yaani wa mkopeshaji wa mtaani wenye riba kali: salio 180,000, rejesho 30,000 kila Ijumaa, zimebaki wiki sita. Ukichelewa kuna faini.
- Deni la simu, la Songesha na huduma nyingine za kukopa kwenye laini ya simu: 45,000.
- Kikoba: 240,000, rejesho 60,000 kwa mwezi.
- Duka la Mangi: 65,000, halina riba.
- Shemeji: 150,000, halina riba wala tarehe.

Jumla ni 680,000. Kuna na mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, ila huo unajilipa wenyewe kabla hela haijafika mkononi, kwa hiyo hauhesabiwi hapa.

Deni lipi litangulie

Watu wengi huanza na anayepiga kelele zaidi. Wengine huanza na dogo ili wapumue. Swali la kuuliza ni moja tu: deni hili likikaa mwezi mmoja zaidi, litanigharimu shilingi ngapi?

Chukueni huo wa kausha damu. Mlipewa 300,000, mnarudisha 390,000 kwa wiki 13. Juu juu ni asilimia 30 kwa miezi mitatu, yaani 10 kwa mwezi. Lakini hamkukaa na 300,000 kwa miezi mitatu. Kila Ijumaa mlirudisha sehemu, hivyo kwa wastani fedha yao mliyokuwa nayo ni kama 160,000 tu. Riba ya 90,000 juu ya 160,000 ni kama asilimia 56, karibu 19 kwa kila mwezi. Kikomo cha Benki Kuu ya Tanzania kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni za mikopo zisizopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Fanyeni hesabu hii kabla ya kusaini mkopo wowote, hata ule ambao mkopeshaji anautaja kwa maneno laini ya "buku tatu tu kwa elfu kumi".

Sasa hapa ndipo safu ile ya sita inapofanya kazi. Mkopo huu ni ghali, lakini riba yake imeshapigwa yote tangu mwanzo. Mkiupeleka wote leo mtatoa 180,000, na mkiulipa kila Ijumaa mtatoa 180,000 ileile. Muulizeni mkopeshaji waziwazi: "Nikimaliza leo, unanipunguzia kiasi gani?" Akikubali kushusha 30,000 au 40,000, inafaa kukaza mkanda na kumaliza. Akikataa, lipeni siku yake, kiasi chake, msiongeze hata mia. Hela ya ziada ina kazi kwingine.

Kazi hiyo ni deni la simu, maana lenyewe gharama zake zinaongezeka kadiri siku zinavyopita. Tena lina tabia ya pili ambayo ni mbaya zaidi: hela yoyote inayoingia kwenye laini hiyo inakatwa kwanza. Mjomba akituma 20,000 ya kununulia dawa, inamezwa kabla hamjaigusa, na jioni mnakopa tena ileile. Kwa hiyo la simu linaondoka lote mwezi wa kwanza wa mpango. Likishaisha, pigeni huduma kwa wateja muombe kuondolewa kwenye huduma hiyo. Kikomo cha kukopa kikiendelea kuwaka kwenye simu, kitatumika siku ya kwanza LUKU itakapokata usiku.

Deni la kikoba ni la kulipwa kwa ratiba, bila haraka. Riba yake inabaki ndani ya kikundi na sehemu inawarudia mkivunja kikoba mwisho wa mwaka. Lakini msilipuuze, kwa sababu siku ya kuvunja salio lolote hukatwa kwenye hisa zenu. Mama aliyekuwa akitegemea 400,000 anaondoka na 160,000, na Januari nzima inayumba.

La Mangi halina riba, lakini halifai kuingia nalo Desemba. Mwenye duka naye anahitaji mtaji wa kujaza soda na mchele wa sikukuu, na akibanwa atawafungia daftari wiki ileile mnayomhitaji.

Shemeji ni wa mwisho kwa hesabu, lakini ni wa kwanza kuambiwa. Tutafika hapo.

Fungu la kugawa linatoka wapi

Mapato ni 920,000. Matumizi ambayo hayana mjadala kwa mwezi: chakula 300,000 (10,000 kwa siku), kodi ya nyumba 100,000, nauli 80,000, umeme na maji 40,000, gesi na mkaa 40,000, shule 30,000, sabuni, vocha na dawa 50,000. Jumla 640,000. Inabaki 280,000.

Kodi iwekwe kando kila mwezi hata kama mwenye nyumba anachukua ya miezi sita. Nyumba nyingi zinaonekana kuwa na nafasi kwenye bajeti kwa sababu tu kodi imesahauliwa, kisha 600,000 inadaiwa kwa mkupuo na mkopo mpya unachukuliwa. Na kama hesabu yako haibakizi kitu, usiendelee kupanga Krismasi. Rudi kwenye chakula na nauli, utafute hata 50,000 kwanza.

Mgawo wa familia hii uko hivi:

- Mshahara wa Agosti: simu 45,000 (imeisha), kausha damu wiki nne 120,000, kikoba 60,000, Mangi 25,000, sikukuu 20,000, dharura 10,000.
- Mshahara wa Septemba: kausha damu wiki mbili 60,000 (imeisha), kikoba 60,000, Mangi 40,000 (limeisha), shemeji 50,000, sikukuu 50,000, dharura 20,000.
- Mshahara wa Oktoba: kikoba 60,000, shemeji 50,000, sikukuu 120,000, shule ya Januari 50,000.
- Mshahara wa Novemba: kikoba 60,000 (limeisha), shemeji 50,000 (limeisha), sikukuu 70,000, shule ya Januari 100,000.

Kila mwezi ni 280,000 kamili. Mwisho wa Novemba madeni yote matano yamekwisha, sikukuu ina 260,000, shule 150,000, dharura 30,000. Angalieni kwamba mshahara wa Desemba haumo. Huo si wa Krismasi, ni wa Januari, na sehemu hii ya mpango ndiyo inayovunjwa kuliko zote.

Genge likiyumba, mfano mwezi mmoja faida ikashuka kwa 60,000, kata kwa mpangilio huu: kwanza rejesho la shemeji (baada ya kumwambia), halafu sehemu ya sikukuu. Msiguse kausha damu wala kikoba, huko kuna faini, na ukianza kulipa faini unalipa kitu ambacho hukukitumia.

Kwa bodaboda, machinga na wengine wa mapato ya kila siku, 280,000 kwa siku 25 za kazi ni 11,200 kwa siku. Itoeni jioni kabla ya kununua mboga, muigawe palepale: ya wadai kwenye kopo moja, ya sikukuu na shule kwenye jingine. Mkisubiri mwisho wa mwezi haitakuwepo.

Namna ya kuongea na wadai

Kwa ndugu, kimya ndicho kinachoumiza kuliko deni. Anaona picha za watoto wako wamevaa vizuri, hajasikia neno, anahesabu umemdharau. Mpigie, au andika ujumbe wenye tarehe ndani: "Shemeji, habari za huko? Ile 150,000 sijaisahau. Nimepanga nikurudishie 50,000 mwisho wa Septemba, 50,000 Oktoba na 50,000 Novemba. Siku ikibadilika nitakuambia mapema." Kisha tuma ya kwanza siku hiyohiyo uliyoitaja, hata ikibidi kukopa kwa Mangi kusimame wiki nzima. Akishaona ya kwanza imefika, mbili zilizobaki hazina presha.

Kwa mkopeshaji wa mtaani, ombeni mambo yawe kwenye karatasi: mkataba, ratiba ya marejesho, risiti kila mnapolipa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe na leseni, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Programu za mikopo za kwenye simu nazo ziangaliwe hapo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali, na miongoni mwa malalamiko makubwa ya wateja ilikuwa ni tabia ya kuwapigia ndugu na marafiki wote walio kwenye simu ya mkopaji ili kumwaibisha. Programu inayotaka ruhusa ya kusoma majina yote ya simu yako inajiandaa kwa siku hiyo.

Kadi ya benki na namba ya siri asipewe mkopeshaji yeyote kama dhamana. Akikaa na kadi, siku ya mshahara anatoa yeye kwanza, na mara nyingi anatoa zaidi. Kama ulishampa, badilisha namba ya siri na uombe kadi mpya benki, halafu endelea kumlipa deni lake halali kwa njia inayoacha kumbukumbu.

Novemba benki na wakopeshaji wa watumishi hupiga simu sana: "Una nafasi ya topapu." Topapu ni kufuta mkopo wa zamani kwa mkopo mpya mkubwa, na miaka mnaanza kuihesabu upya. Laki tano ya Krismasi mtailipa kwa miaka minne au mitano. Kwa watumishi wa umma ipo kanuni kwamba makato yasiache chini ya theluthi moja ya mshahara, lakini theluthi moja hiyo haijui kodi yenu ni kiasi gani. Hesabu ya ofisini ikiruhusu haina maana ya nyumbani patatosha.

Krismasi ya 260,000

Bei hizi ni za mfano, piteni sokoni kwenu mziweke za kweli. Mgawo ni huu: chakula cha tarehe 25 na 26, 110,000, nguo za watoto watatu, 75,000, wazazi kijijini, 30,000, nauli za kutembelea ndugu mjini, 20,000, sadaka, 15,000, akiba ya mgeni wa ghafla, 10,000.

Chakula cha watu tisa, nyinyi watano na wageni wanne: mchele kilo 4 (12,800), nyama ya ng'ombe kilo 3 (36,000), kuku wawili wa kisasa (20,000), mafuta lita 2 (12,000), unga wa ngano kilo 2 (4,000), vitunguu, nyanya, viazi na viungo (12,000), soda 12 za plastiki (8,400). Ni 105,200, inayobaki ni ya mkaa na barafu. Kilo moja ya mchele wa pilau inashibisha watu saba hadi wanane kama kuna kachumbari na nyama ya pembeni, kwa hiyo kilo 4 zinatosha mlo mkuu wa siku mbili na kiporo cha asubuhi. Kosa la kawaida ni kupika kilo tatu kwa mkupuo tarehe 25 "wageni wasije wakakosa". Joto la Desemba la Dar halina huruma, pilau la mchana lisiporudishwa motoni jioni, asubuhi linatoa harufu. Pika kilo moja na nusu, nyingine uwe umeshaichambua tayari. Mgeni akiongezeka, ni dakika arobaini.

Lini mnunue ni muhimu sawa na mnunue nini. Mchele ununuliwe mapema, Septemba, wakati ule wa mavuno bado umejaa sokoni. Uanikeni kivulini kwanza, halafu uwekeni kwenye ndoo kavu yenye mfuniko unaobana, mbali na sakafu. Ukiwekwa na unyevu unavunda, ukiachwa wazi wadudu wanaingia. Nguo nunueni Oktoba. Mtumba wa Karume una chaguo zuri kabla watu hawajaanza kumiminika, na mkienda katikati ya Desemba mtalipa zaidi kwa kilichoachwa na wengine. Watoto wanakua, chukueni namba moja juu. Kiatu kiwe kile ambacho Januari kitavaliwa shuleni: cheusi, cha kufunga. Hapo fungu la sikukuu limeisaidia shule. Vitunguu, viungo na mafuta ni wiki ya kwanza ya Desemba. Nyama, kuku na nyanya ni tarehe 23 na 24, kama hakuna friji.

Majirani wakitaka kuchangia mbuzi, pigeni hesabu kabla ya kusema ndiyo. Mbuzi hai wa kilo 25 hutoa nyama na mifupa karibu kilo 12, yaani nusu au pungufu kidogo ya uzito wake. Akiuzwa 150,000, kilo inasimama 12,500 kabla ya kumlipa mchinjaji, wakati buchani ni 12,000 na haina utumbo wa kusafisha. Kwa mbuzi faida ni ya undugu na supu, si ya bei. Ng'ombe wa mnada wa Pugu akigawanywa na familia kumi au kumi na tano anaweza kushuka bei vizuri, ila anunuliwe angalau wiki mbili kabla, na kiongozi wa mchango awe mmoja, na daftari la nani ametoa na nani hajatoa lisomwe mbele ya wote. Asiyelipa mpaka siku ya kuchinja hupewa nyama kwa kuonewa haya tu, kisha ni deni jingine.

Fungu la wazazi litumwe mapema, kati ya tarehe 10 na 15, likiambatana na maneno: "Mama, shikamoo. Hii ndiyo ya sikukuu ya mwaka huu." Maneno hayo yanazuia simu ya pili tarehe 23. Na ndugu mwingine akiomba, jibu ni lile lililoandikwa: fungu la ndugu lilikuwa 30,000 na limeshakwenda. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekubaliana na mwenzako kuliko kutafuta uongo kila mara.

Kwenda nyumbani au kubaki

Kwa Wachaga na wengine wengi, Desemba bila kupanda kwenda nyumbani ni jambo zito, na si la kuamuliwa kwa kikokotoo peke yake. Lakini hesabu ijulikane. Nauli ikiwa 30,000 kwa mtu, watu watano kwenda na kurudi ni 300,000. Hapo hamjala njiani, hamjabeba sukari, mafuta na sabuni za bibi, na hamjafika msibani au harusini, ambavyo Desemba havikosekani kijijini. Safari ya namna hiyo inahitaji si chini ya 500,000, karibu mara mbili ya fungu lote.

Kwa mwaka wa kulipa madeni kuna njia tatu zinazofanya kazi. Aende mzazi mmoja na mtoto mmoja. Au familia yote iende mwaka mmoja na kubaki mwaka unaofuata, na wazee waambiwe mapema, tangu Oktoba, si tarehe 20. Au waende watoto tu na shangazi shule zikifungwa mwanzoni mwa Desemba, kabla mabasi hayajafurika, warudi baada ya mwaka mpya. Mnaosafiri, kateni tiketi Novemba, ya kurudi pia. Nauli kikomo za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, zipo, na tiketi inatakiwa kuonyesha kiasi mlicholipa. Anayekuuzia bila tiketi inayosomeka bei tarehe 22 alfajiri stendi, ndiye anayekutoza anavyotaka. Kukwama kijijini Januari kwa kukosa nauli ya kurudi ni sababu ya mikopo mingi ya tarehe 3.

Hela ikae wapi

Fungu la sikukuu likikaa kwenye laini ya simu ya kila siku litaisha kwa vocha na bando. Kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari kinafaa kwa kiasi kidogo, 20,000 au 50,000, ila kikifika laki ni mwaliko kwa mwizi na ni hasara kwa moto. Kuanzia hapo ipelekeni akaunti ya akiba ambayo kadi yake imeachwa nyumbani, au kwenye hisa za kikoba kama katiba yenu inaruhusu kununua hisa zaidi. Njia bora ni kuigeuza bidhaa mapema: mchele ndani ya ndoo na viatu juu ya kabati haviwezi kukopwa na shemeji mwingine.

Desemba 22 hadi Januari 25

Waajiri wengi hulipa Desemba kabla ya sikukuu. Tuseme mshahara wa Novemba uliingia tarehe 25, wa Desemba ukaingia tarehe 22, na wa Januari utaingia tarehe 25. Mwezi wa mshahara wa Novemba una siku 27, wa mshahara wa Desemba una siku 34. Kwa chakula cha 10,000 kwa siku, mwezi mfupi umetumia 270,000 na kubakiza 30,000, na mwezi mrefu unataka 340,000. Hiyo 30,000 iliyobaki haikuwa faida, ilikuwa chakula cha Januari. Familia nyingi huinunulia soda.

Siku mshahara wa Desemba unapoingia, kabla ya jambo lolote, tengeni bahasha tano za chakula, kila moja na tarehe zake juu. Bahasha ya Januari 12 haifunguliwi Januari 8, hata kama ya wiki imeisha. Siku hizo nne ni za ugali na dagaa.

Genge lina hatari yake. Desemba linauza, mauzo yote yanaonekana kama faida, na mtaji unaliwa pamoja na kuku. Ikifika Januari 4 mama hana hela ya kwenda Ilala kuchukua nyanya na vitunguu. Tarehe 23 jioni hesabuni mtaji, utoeni kwenye droo, uwekwe benki au kwa mtu ambaye hatautoa mpaka Januari 2.

Gawio la kikoba lisihesabiwe popote mpaka limeshikwa mkononi, kwa kuwa wapo wanachama wanaochelewesha marejesho na siku ya kuvunja inasogea. Likipatikana, kazi yake ya kwanza ni kidato cha kwanza. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kwenye shule za serikali haipo tangu 2016, lakini sare, madaftari, begi, viatu na nauli ya kila siku ni vya mzazi, na fomu ya kujiunga huja na orodha ndefu. Ile 150,000 ya shule inaanza, gawio linamalizia, kinachobaki kinaingia kwenye kodi.

Ukisoma haya Novemba

Mshahara uliobaki ni mmoja au miwili, kwa hiyo mpango wote hautatoshea. Lipeni deni la simu, lipeni marejesho yenye faini, muongee na wadai wasio na riba muwape tarehe za Februari. Januari msiwaahidi kitu. Nguo mpya ziachwe. Chakula cha siku moja, tarehe 25 tu, kwa watu watano: mchele kilo moja, nyama kilo moja, kuku mmoja, mafuta nusu lita, viungo na soda sita ni kama 40,000. Wageni wa tarehe 26 waambiwe kabla kwamba mtawatembelea nyinyi. Watoto waelezwe na wazazi wote wawili kwa pamoja, wiki mbili kabla, kitu gani kitakuwepo na kitu gani hakitakuwepo. Mtoto wa miaka minane anaelewa "mwaka huu pilau ipo, nguo hakuna". Kinachomliza ni kuambiwa "tutaona" mpaka asubuhi ya sikukuu.